Kihisi Kisicholala Hufa Mapema: Rai Juu ya Kufundisha Matumizi ya Nguvu katika Shule za Msingi

Wanachuo wengi wanaokuja kwetu kujifunza ualimu wamekwisha kusikia habari za vihisi. Wanajua kwamba viko vyombo vidogo vinavyopima joto, mvua, upepo au kina cha maji, vikapeleka habari hizo kwa redio bila ya waya, hata mtu aliye mbali akazipata papo kwa papo. Wasilolijua aghalabu ni jambo moja ambalo ndilo linaloamua kama chombo hicho kitaishi mwaka mzima au kitakufa kabla ya wiki kwisha, nalo ni betri yake. Na wakienda madarasani hulifundisha somo la nguvu kama walivyofundishwa wao: mwalimu huandika ubaoni kwamba nguvu ni uwezo wa kufanya kazi, watoto hunakili, kengele hulia, na somo huwa limekwisha bila ya mtu yeyote kutumia nguvu isipokuwa aliyefuta ubao.

Rai yetu ni kwamba somo hilo lianzwe na swali la matumizi kabla ya maana. Mtoto aulizwe kwanza: unacho kidogo, utakitumia kwa lipi? Mfano mwema kuliko yote tuujuao wa swali hilo kwa siku hizi ni mtandao wa vihisi visivyotumia waya. Baadhi ya wakufunzi wenzetu hawakubaliani nasi. Husema kwamba jambo hili ni la vyuo vikuu, kwamba shule nyingi za pwani hazina hata kompyuta moja, na kwamba mtoto wa darasa la tano yafaa asubiri. Tutawajibu hapo mbele. Kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwa kuwa mwalimu hawezi kulirahisisha asilolielewa.

Kihisi kimoja kina viungo vinne. Kina kipimio, ambacho ni kama jicho au ngozi. Kina ubongo mdogo wa kufanya hesabu. Kina redio, ambayo ni kinywa na sikio lake. Na kina betri, ambayo ndiyo chakula chake chote. Mtu angedhani kwamba kazi kubwa ni kupima, au kufikiri. Sivyo. Mlaji mkubwa ni redio. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani, Pottie na Kaiser, walionyesha kwamba nguvu inayotumika kupeleka kwa redio biti 1,000 tu za habari umbali wa mita 100 ingetosha kuuendesha ubongo wa chombo kwa hatua za hesabu zipatazo milioni 3. Maana yake ni kwamba chombo kikifikiri sana ili kiseme kidogo, kimepata faida kubwa mno.

Tena liko jambo ambalo huwashangaza hata watu wazima: kusikiliza nako hula. Redio moja iliyotumika sana katika majaribio ya miaka ya 2000, iitwayo CC2420, hutumia miliampea 17.4 inapopeleka habari kwa nguvu yake kamili, na miliampea 18.8 inaposikiliza. Chombo kinachokaa kimya kikitega sikio mchana na usiku, kikingoja kuitwa, kinamaliza betri kwa mwendo ule ule wa chombo kinachopiga kelele bila kukoma. Kinachookoa betri ni kulala kwa hakika, redio ikiwa imezimwa, ambapo matumizi hushuka hata sehemu ndogo sana ya miliampea moja.

Hesabu yake inafaa kabisa kwa darasa la sita, na twamsihi mwanachuo aifanye yeye mwenyewe kabla ya kuipeleka darasani. Chukua betri mbili ndogo kama zile za saa ya ukutani, zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine, zenye uwezo wa miliampea-saa 2,000. Redio ikiwa wazi muda wote na kula miliampea 20, tugawe 2,000 kwa 20: tunapata saa 100, yaani siku nne na saa nne. Sasa tuseme redio inaamka kwa sehemu moja tu katika kila sehemu mia za muda. Wastani wa matumizi unakuwa miliampea 0.2, na betri zile zile zinafika saa 10,000, ambazo ni zaidi ya siku 416. Bila shaka katika maisha ya kweli haifiki hivyo, kwa sababu ubongo na kipimio navyo vina sehemu yao, na betri huvuja nguvu yake hata ikikaa kabatini. Lakini mtoto ambaye amegawanya mwenyewe, akaona siku nne zikigeuka kuwa mwaka na zaidi, hahitaji kukaririshwa kwamba nguvu itumiwe kwa uangalifu.

Mambo haya si ya kubuni. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao wa College of the Atlantic, waliweka vihisi 32 katika kisiwa cha Great Duck Island, jimbo la Maine, ili kuchunguza viota vya ndege wa bahari bila ya kuwasumbua kwa nyayo za watu. Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano uko karibu zaidi. Mwaka 2004, huko Laikipia nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia kola zenye vyombo vya kutambua mahali walipo. Kola haikujisumbua kutafuta mawasiliano na kituo cha mbali. Ilijiandikia mahali mnyama alipo kila baada ya dakika 8, ikajaza betri kwa mwanga wa jua, na punda milia mmoja alipokutana na mwenziwe kola zao zilipeana habari. Mtafiti akimpata mmoja alikuwa amepata na habari za wengine aliokutana nao. Ni kama wavuvi wanavyofanya baharini: mwenye ngalawa akikutana na mwenye dau humpa habari za wale aliowaacha nyuma, na atakayefika nchi kavu wa kwanza ndiye mwenye habari za wote.

Hata hivyo habari za punda milia zinaweza kuchelewa siku mbili na asiumie mtu. Za bahari haziwezi. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo, na hapo ndipo tunapotaka mwalimu afike na wanafunzi wake badala ya kuishia kwenye msemo mwepesi kwamba kulala kunaokoa betri. Chombo kinacholala sana huishi sana, lakini huenda kikawa kimelala wakati kinapohitajiwa. Chombo kinachokesha huona kila kitu, kisha hufa, na siku ya hatari hakipo. Kati ya mawili haya mtu hana budi kuamua, na uamuzi huo hauandikwi katika kitabu chochote cha mitaala tukijuacho.

Pwani yetu ya kusini inazo sababu za kulijali swali hili. Mwaka 1952 tufani iliipiga Lindi. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia upande wa Sumatra yalivuka bahari nzima ya Hindi, yakafika hata pwani ya Tanzania, na watu waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam walipoteza maisha. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja kutoka baharini, kikafika Mafia tarehe 4, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, Kilwa. Safari hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari siku kadhaa kabla. Tofauti kati ya mwaka 1952 na mwaka 2024 ni vyombo vinavyopima na kusema, pamoja na watu wanaozielewa habari zake. Watoto wa Sudi watakuwa katika kundi hilo la pili wapende wasipende, na baadhi yao, tunatumaini, katika kundi la wale wanaovitengeneza vyombo.

Tumeitaja Sudi kwa makusudi. Ni mji mdogo wa kale ulio kati ya Lindi na Mikindani, kando ya hori lenye mikoko, na wenyeji wake wengi ni wavuvi na wakulima. Hori lenyewe limejificha. Ndiyo maana mwezi Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliweza kuingia humo na kushusha shehena ya silaha ilhali manowari za Waingereza zilikuwa zikilinda bahari. Mahali palipoificha meli ni pagumu pia kwa redio ndogo. Mawimbi yake hudhoofishwa na miti yenye majimaji na huzuiwa na vilima, basi kihisi kilichowekwa ndani ya hori hakiwezi kusema moja kwa moja na kituo kilicho mbali. Kinahitaji wenzake wa kupokezana. Jambo hili linafundishika ufukweni, kwa kokoto, bila ya chombo hata kimoja.

Tulilijaribu huko Sudi pamoja na wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, na watoto wa darasa la tano wapatao thelathini. Walisimama mistari mitatu ya watoto kumi kumi, kuanzia alipo mwalimu kuelekea majini, kila mmoja akiwa hatua kumi kutoka kwa mwenziwe, na wa kwanza hatua kumi kutoka kwa mwalimu. Mwalimu ndiye kituo. Kila mtoto alipewa kokoto 20: hizo ndizo betri yake, na zikimwishia anachutama chini na hasemi tena. Mbele yake kulikuwa na kijiti kilichotiwa alama za mkaa ili asome maji yamefika wapi. Ngoma ikipigwa pigo moja, atoe habari. Bei ya kusema ilipangwa kufuata umbali, kwa kuwa redio ikitaka kufika mbali mara mbili hudai nguvu mara nne au zaidi. Kumwambia jirani ni kokoto 1. Kumruka mmoja ni kokoto 4. Kuwaruka wawili ni kokoto 9. Aliye mwisho wa mstari akitaka kumfikia mwalimu kwa mkupuo mmoja alipe kokoto 100, naye anazo 20 tu. Habari yake ikipita mkononi mwa watu kumi gharama ya wote pamoja ni kokoto 10.

Katika mzunguko wa kwanza kila mtoto alipeleka habari yake kwa jirani, na jirani akazipeleka mbele zote alizopokea. Baada ya mapigo mawili ya ngoma yule aliyesimama karibu kabisa na mwalimu alikuwa amekwisha kufilisika, kwa sababu kwa kila pigo alilipa kokoto 1 kwa habari yake na kokoto 9 kwa habari za wenziwe. Aliye majini, wa mwisho kabisa, alikuwa bado anazo 18. Akazishika mikononi kwa fahari, lakini hakuwa na wa kumwambia neno. Mtoto mmoja wa mbele alilalamika akasema, "Mwalimu, sisi tulio karibu nawe tunafilisika kwa maneno ya watu!" Wataalamu wa mitandao ya vihisi wameandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo hilo, kwamba vyombo vilivyo karibu na kituo ndivyo vinavyokufa mapema na kukata njia ya wengine wote. Hatukusikia ikielezwa vizuri zaidi kuliko alivyoieleza mtoto huyo.

Mwanachuo aliyekuwa akiongoza alitaka kutoa jibu papo hapo. Tulimzuia. Kosa kubwa la walimu wapya, na la wazee pia, ni kuikimbilia suluhu kabla tatizo halijawauma wanafunzi. Tuliwaacha wakabishana. Walitoa mawazo mawili yenye maana. La kwanza, habari zisipelekwe moja moja bali zikusanywe: jirani akisema maji yako alama ya tatu, na kwangu yako alama ya tatu, mimi naseme mara moja tu kwamba kwetu ni alama ya tatu. Kwa utaratibu huo kila mtoto alilipa kokoto 1 kwa kila pigo, mbele na nyuma sawasawa, na mstari ukafika mapigo 20. La pili, asiseme mtu ikiwa maji hayajabadilika alama. Hapo mstari ulikaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ngoma ilipigwa mara nyingi kuliko maji yalivyosogea.

Msichana mmoja akatoa wazo la tatu: mistari igawanywe katika vikundi, kila kikundi kiwe na kiongozi anayekusanya habari za wenziwe na kulipa ile bei kubwa ya kufika kituoni, na uongozi upokezanwe ili asifilisike mmoja. Watoto walilielewa mara moja, kwa kuwa ndivyo zamu ya kuteka maji inavyokwenda nyumbani. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza utaratibu wa namna hiyo hiyo kwa ajili ya vihisi, ukaitwa LEACH, na umekuwa msingi wa kazi nyingi za baadaye. Mwalimu awaambie watoto jambo hilo baada ya zoezi, si kabla.

Kisha tukabadili sheria. Tulisema kwamba kutega sikio nako kuna bei: kila pigo la ngoma ambalo mtoto yuko macho, hata asiposema neno, alipe kokoto 1. Mistari yote ikafa baada ya mapigo 20, maji yamebadilika au hayakubadilika, na wengine hawakuwa wamesema hata neno moja. Palikuwa na manung'uniko. Wakaamua kufumba macho na kuziba masikio, na kuamka wote kwa pamoja kila baada ya mapigo matano. Hapo tena wakagundua kwamba hawawezi kuamka pamoja bila ya kukubaliana saa, na kwamba anayehesabu vibaya huamka peke yake, akasema habari yake hewani, asisikiwe na mtu. Hilo nalo ni tatizo la kweli la mitandao hii: saa za vyombo hukosana kidogo kidogo, na kuzisawazisha kuna gharama yake.

Swali tulilolingojea likaja. Mtoto mmoja akauliza: "Na wimbi likija tumelala?"

Twawaomba wanachuo walipe swali hili muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote za somo. Ndilo somo lenyewe. Sisi tuliwaacha walijibu kwa makundi, kisha tukawasimulia habari ya vyombo viitwavyo DART, ambavyo Marekani na nchi nyingine wameviweka baharini kwa ajili ya kutambua tsunami. Chombo chenyewe hukaa chini kabisa ya bahari, katika kina cha maelfu ya mita, ambako hakuna jua la kujaza betri wala fundi wa kuibadilisha kila wiki. Hupima uzito wa maji yaliyo juu yake kila baada ya sekunde 15, mchana na usiku, kwa kuwa kupima ni rahisi. Lakini hakisemi kila kipimo. Siku za kawaida vyombo vya aina ya pili hupeleka muhtasari mara moja kila baada ya saa 6, kwa sauti inayopanda majini hadi kwenye boya, na boya likaupeleka kwa setilaiti. Wakati wote huo ubongo wake unakisia maji yanapaswa kuwa na kina gani kwa sasa, na unalinganisha makisio hayo na kipimo. Tofauti ikipita kiwango kilichowekwa, na katika bahari ya Pasifiki ya kaskazini kiwango hicho ni sentimita 3, chombo huacha uchumi wake wote na kuanza kusema mfululizo.

Angalia busara iliyomo. Jicho halilali, kinywa ndicho kinacholala. Tena chombo hakishtuki kwa kuwa maji yamepanda, maana maji hupanda na kushuka kila siku. Kinashtuka kwa kuwa yamepanda isivyotazamiwa. Hapa mtoto wa Sudi yuko mbele kuliko mtoto wa mji usio na bahari. Anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba maji yakijaa mita tatu na zaidi wakati wa mwezi mpevu hakuna ajabu, na kwamba yakikauka ghafula katikati ya kujaa yafaa kukimbilia mlimani. Elimu hiyo ya babu zake ndiyo ile ile makisio ya chombo. Mwalimu asiyeitumia anatupa zana bora aliyonayo, kisha analalamika kwamba shule yake haina zana.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni maana ya kimya. Mtandao unaobana matumizi hunyamaza sana. Basi kituo kitajuaje kwamba kimya cha kihisi ni cha amani na si cha kifo? Tuliwahi kuona kituo kidogo cha kupima mvua, katika shule moja ambayo hatuitaji, kilichokaa miezi mingi bila ya kutoa habari. Bamba lake la jua lilikuwa limefunikwa na chumvi ya upepo wa bahari na mavi ya kunguru, na betri imekufa. Kila mtu alidhani kinafanya kazi, kwa kuwa kilikuwa bado kimesimama. Kwa sababu hiyo mitandao mizuri huvitaka vyombo vyake vitoe neno fupi mara kwa mara hata pasipo na habari, kama mlinzi wa usiku anavyogonga chuma kila saa si kwa sababu mwizi amekuja bali ili wenye nyumba wajue yuko macho. Neno hilo nalo lina bei, na watoto waliobakiwa na kokoto chache hawakutaka kuilipa. Wabishane.

Sasa tuwajibu wakufunzi wenzetu. Wa kwanza husema kwamba nguvu si shida tena huku kusini: gesi ya Songosongo imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004, bomba la Mtwara likafuata mwaka 2015, na nguzo za umeme zinazidi kufika vijijini. Ni kweli, nasi twashukuru. Lakini waya wa umeme haufiki katikati ya mikoko, wala chini ya bahari, wala shingoni mwa punda milia. Mahali ambapo habari inahitajika zaidi ndipo mahali ambapo waya haufiki. Kama ungefika, huenda pangekuwa na mtu wa kuangalia na kusingekuwa na haja ya kihisi.

Wengine hutaja mtihani. Swali la vihisi, husema, halitatokea. Huenda kweli lisitokee. Lakini kugawanya, kuzidisha, wastani, sehemu ya mia, umbali na mraba wake, usomaji wa alama na uandishi wa majedwali yatatokea, na yote yamo katika zoezi la kokoto. Sisi tunashuku kwamba wanaolitaja mtihani mara nyingi hawaogopi mtihani bali wanaogopa kutoka nje ya darasa, ambako watoto huuliza maswali yasiyo na majibu nyuma ya kitabu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wale wanaosema tusubiri vyombo vyenyewe. Upo mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft na Oregon State, ambao umekuwa ukiweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika shule za nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, vikiendeshwa kwa bamba la jua na betri. Shule itakayopata kituo kama hicho imepata neema. Lakini chombo hicho kimetengenezwa kisiguswe, na darasa lililokipata bila ya kuandaliwa litakitazama kama linavyoutazama mnara wa simu. Mtoto aliyekwisha kufilisika kokoto zake ufukweni ataelewa kwa nini kituo hicho hupima kila dakika chache lakini hukaa na vipimo vyake kabla ya kuvipeleka kwa pamoja, na kwa nini bamba lake yafaa lipanguswe chumvi. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, mara nyingi imefasiriwa kuwa ni jembe na shamba la shule. Sisi twaona kwamba mtoto anayekilinda chombo cha kupimia, na anayejua kinakula nini na kwa nini kinalala, naye yumo ndani ya fikra hiyo, pengine kuliko yule aliyepalilia mihogo ya mwalimu.

Kwa mwanachuo atakayelijaribu zoezi hili, yapo machache ya kuzingatia. Lifanywe maji yanapojaa polepole, siku za maji mafu, wala si siku za bamvua ambapo maji hukimbia na watoto wa mwisho wa mstari wakajikuta wamezingirwa. Saa ya maji aulizwe mvuvi mzee, na aalikwe ahudhurie ikiwa ana nafasi. Watoto wasioona vizuri wasiwekwe majini. Kokoto zihesabiwe mbele ya darasa kabla ya kuanza, kwa maana katika mstari wetu mmoja palikuwa na kijana aliyeendelea kusema muda mrefu baada ya wenzake wote kuchutama, na tulipomkagua tulikuta ameokota nyingine mchangani. Wenziwe walimwita mdanganyifu. Yeye alijibu kwamba amejaza betri kwa jua, na darasa likagawanyika pande mbili, likabishana juu ya jibu hilo mpaka maji yakatufika magotini.